Mali ya Mtoto ni ya Nani?

Kilio kikiisha na wageni wakiisha kwenda zao, ukoo huketi. Hapo ndipo maneno magumu huanza. Tuseme marehemu ameacha mke na watoto wanne wadogo, kiwanja chenye nyumba katika Butembo, shamba la kakao upande wa Beni, na mikaratusi juu ya kilima. Watoto hawawezi kusoma karatasi ya kiwanja, wala hawawezi kusimama mbele ya shefu wa kartye na kujitetea. Ndugu mdogo wa marehemu asema: «Hawa ni watoto wangu sasa. Mimi nitawalea. Basi mali ya kaka yangu iwe mkononi mwangu.» Wote waitikia kwa kichwa, kwa maana neno hilo ni neno la upendo.

Nasi twauliza: Je, neno hilo ni kweli yote, ama ni nusu ya kweli? Mtu akimlea mtoto, mali ya mtoto huwa yake? Swali hili si la mawakili tu. Kila mwenye dhamiri yampasa kulijibu, tena kabla ya siku ya kilio, kwa sababu siku ile machozi na tamaa hukaa benchi moja.

Wala si swali la watu wachache katika nchi yetu. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya upande wa Beni vimeona mauaji mengi, na jamaa nyingi zimeacha mashamba yao na kukimbia. Tena tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, nao ulijulikana kwanza huko Mangina. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Wengi wa waliokufa katika mabaya hayo walikuwa baba na mama wa watoto.

Desturi na bei

Wengine husema: «Sheria za urithi ni mambo ya Wazungu. Sisi tulikuwa na desturi, na yatima alipata mahali pa kulala.» Neno hili lina kweli ndani yake, nasi hatutaki kulidharau. Desturi yetu haimwachi mtoto peke yake. Hata jina lampa nafasi yake katika nyumba: Paluku ni mtoto wa kiume wa kwanza, Kambale ni wa pili, Kasereka ni wa tatu, Masika ni binti wa kwanza. Mtoto wa Wanande huhesabiwa kabla yeye mwenyewe hajajua kuhesabu. Baba akifa, ndugu za baba ni baba. Hilo ni jambo zuri, na mataifa mengine yenye fedha nyingi yamelipoteza.

Lakini tufikiri vizuri kwa nini desturi hiyo iliweza kumlinda yatima. Zamani shamba halikuwa na bei. Lilikuwa la ukoo, chini ya mkubwa wa udongo. Mtu alilima, akala, akawaachia wanawe walime. Baba mdogo aliyeshika shamba la yatima hakuweza kuliuza, kwa maana mnunuzi hakuwako. Aliweza kulima tu. Kijana alipokua, shamba lilikuwa pale pale likimngoja. Si kwamba mikono ya wazee ilikuwa safi kuliko mikono ya leo. Wao pia walikuwa wana wa Adamu. Bali shamba lenyewe halikuweza kuondoka.

Leo mambo yamegeuka. Kiwanja cha Butembo huuzwa kwa dola. Mwaka 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na shamba ambalo jana halikutazamwa na mtu likawa kitu cha kugombaniwa. Mnunuzi yuko mlangoni, na karatasi yaweza kuandikwa kwa siku moja. Mtu yule yule, mwenye maneno yale yale ya desturi, leo aweza kuuza asubuhi kile ambacho babu yake asingaliweza kukiuza maisha yake yote.

Basi tuseme wazi: desturi haikuharibika, ila ulinzi uliokuwa ndani yake umeondoka pamoja na zamani zile. Anayedai mamlaka yote ya desturi juu ya mali ya yatima, huku akishika fedha za soko la leo, achukua nusu ya desturi inayomfaa na kuiacha nusu inayomfunga. Wazee walimpa ruhusa ya kulima. Ruhusa ya kuuza hawakumpa kamwe.

Sheria yasema nini?

Sheria imekuja kuziba pengo hilo. Kitabu cha Sheria za Jamaa cha Kongo kilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, kikatengenezwa tena kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Katiba ya mwaka 2006 nayo yasema kwamba mtoto ni mtu yeyote asiyetimiza miaka 18. Tutaje mambo matatu, kwa maana wengi huyasikia mara ya kwanza wakiwa tayari mbele ya hakimu.

Kwanza, watoto ndio warithi wa mbele. Watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike, waliozaliwa katika ndoa, na waliozaliwa nje ambao baba aliwakubali kwa sheria angali hai, na wale aliowafanya wanawe kwa sheria, hupata robo tatu za urithi, sawasawa kila mmoja. Robo inayobaki hugawanywa kwa mjane, kwa wazazi wa marehemu, na kwa ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Basi ndugu asemaye «mali ya kaka yangu» ajue kwamba sheria humpa sehemu ndogo ndani ya ile robo. Funguo za nyumba haimpi.

Pili, mali ya mtoto ina msimamizi, lakini haina mwenyewe wa pili. Mzazi aliye hai ndiye mlinzi wa kwanza. Baba akifa, kitabu cha 1987 kiliweka karibu na mama mtu mmoja wa ukoo wa baba, aliyechaguliwa na baraza la ukoo, wafanye kazi pamoja. Kiliandika «pamoja na mama». Hakikuandika «mahali pa mama». Baba na mama wakiwa wamekufa wote wawili, mahakama huteua msimamizi, ikiisha kusikia baraza la ukoo. Msimamizi huyo huandika orodha ya mali, huitunza kama baba mwema atunzavyo nyumba yake, na mwisho hutoa hesabu. Hawezi kujiuzia mali ya mtoto, wala kuuza kiwanja au kukopa juu yake bila ruhusa ya mahakama. Tena sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ilianzisha mahakama za watoto. Na mahali zisipokuwapo bado, mahakama za kawaida hufanya kazi hiyo.

Tatu, kuna jambo la karatasi ya udongo. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni ya Leta, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo huthibitishwa na ile karatasi watu wanayoiita setifika. Setifika ikiisha kukaa miaka miwili bila kupingwa, ni vigumu sana kuivunja; aliyenyang'anywa hubaki kudai malipo kwa yule aliyemdhulumu. Tazameni basi hatari ya yatima. Mtoto ana miaka sita, na kiwanja chake kinaandikwa kwa jina la mtu mwingine. Akifika miaka minane, mlango umekwisha kufungwa. Hajajua hata kusoma vizuri, na tayari amechelewa. Ndiyo sababu watu wazima walio karibu naye hawana ruhusa ya kunyamaza wakisema: «Akikua atajitetea mwenyewe.»

Kulea na kusimamia

Sasa turudi kwenye dhamiri, kwa maana sheria haiingii katika kila chumba. Wako baba wadogo wengi waliolea yatima kwa jasho lao, wakauza mbuzi zao ili mtoto wa kaka asome. Hao hatuwashitaki, twawaheshimu. Tena tusiwataje baba wadogo peke yao. Mjane akiolewa tena, akauza kiwanja cha watoto wa mume wa kwanza ili kumfungulia mume wa pili duka, afanya dhuluma ile ile. Hata mjomba aweza kuifanya. Hatusemi juu ya ukoo wa mtu. Twasema juu ya mkono wo wote unaoshika kitu kisicho chake.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kulea na kusimamia. Kulea ni kumpa mtoto chakula, nguo, mafundisho na upendo. Kusimamia ni kuitunza mali yake mpaka aweze kuitunza mwenyewe. Mtu mmoja aweza kufanya yote mawili, lakini la kwanza halifuti la pili. Wema wa kulea ni mkubwa. Lakini haugeuki kuwa bei ya kununulia shamba la mtoto.

Paulo Mtume, alipowaandikia Wagalatia, alitumia mfano huu huu. Mrithi aliye mdogo, asema, huonekana nyumbani kama mtumishi, kwa kuwa wengine wamwamuru, ingawa yote ni yake. Na jambo hilo lina siku yake ya kwisha, aliyoiweka baba. Basi kuamuru na kumiliki si kitu kimoja. Mtoto aweza kukosa nguvu yote ya kuamuru, na haki yake isipungue hata kidogo.

Maswali ya watu

Wengine huuliza: «Aliyelea hana haki hata ya kula? Je, nitoe fedha zangu kwa kila kitu, na nyumba ya mtoto ikileta kodi kila mwezi?» Twajibu: La. Kodi ya nyumba ya yatima yafaa kununua unga wa yatima, dawa yake na minervali yake. Watu wa Butembo hawahitaji mwalimu wa jambo hili, kwa maana wanajua mikaratusi. Mti hukatwa, shina hubaki, nalo huchipuka tena. Msimamizi akiuza miti iliyokomaa ili mtoto asome, afanya vema kabisa. Aking'oa mashina na kuuza udongo, hakuna kitakachochipuka. Matunda ya mali ni ya kumtunza mtoto. Mali yenyewe ni ya kumngoja mtoto.

Wengine huuliza: «Watoto wangu nao wana njaa, na chungu chetu ni kimoja. Je, nipike bugali mbili?» Hili ni swali gumu zaidi, nalo lataka jibu la haki. Hatusemi chungu kigawanywe. Watoto wanaokula pamoja hukua kama ndugu, na hilo lapita kodi ya miezi mingi. Lakini kuna mpaka. Mtoto wa msimamizi akienda chuo kikuu kwa kodi ya nyumba ya yatima, naye yatima akaachishwa shule ya msingi ili achunge mbuzi, hapo jina la «chungu kimoja» limekuwa kifuniko cha wizi.

Labda msimamizi atasema: «Huyu yatima ana kitu, nasi hatuna. Je, mwenye mali hapaswi kuwasaidia maskini?» Ndiyo, apaswa. Lakini mwenye mali ni mtoto. Akifika miaka 18, akitazama watoto wa baba mdogo waliokula naye, ataweza kuwasaidia kwa moyo wake, nayo itakuwa zawadi ya kweli. Msimamizi hawezi kuwa mkarimu kwa niaba yake. Hakuna sadaka ya mali ya mtu mwingine.

Na vita je? Watu wamekimbia usiku, mtoto ni mgonjwa, wote wana njaa, na kitu pekee kinachoweza kuuzwa ni kiwanja cha yatima. Hapo twajibu kwa huruma, lakini jibu ni lile lile. Panapokuwa na njia ya kwenda mbele ya hakimu, iende kwanza ruhusa, kisha fedha. Pasipokuwa na njia yo yote, na uhai wa watu uko hatarini, uhai hupita kiwanja. Lakini shida kubwa huzaa deni, haizai umilikaji. Kilichochukuliwa kiandikwe, kitajwe mbele ya mashahidi, na amani ikirudi kilipwe, hata kama ni kidogo kidogo. Sisi twajua kwamba vita vimesamehe watu mambo mengi. Havikusamehe deni la mtoto.

Zawadi ya mzazi aliye hai

Tusidhani kwamba jambo hili ni la yatima tu. Wako wazazi walio hai wanaonunua kiwanja na kukiandika kwa jina la mtoto, au kumfungulia mtoto akiba katika benki, au katika chama cha akiba na mkopo, kile watu wanachokiita kopeki. Jambo hilo ni jema. Lakini biashara ikianguka, baba hurudi na kusema: «Mimi ndimi niliyenunua. Nilitumia jina lake tu.» Na mwingine hutumia jina la mtoto tangu mwanzo ili wadai wake wasikione kiwanja.

Huko Marekani waliona shida hiyo hiyo. Mwaka 1956 waliandika sheria ya mfano juu ya zawadi kwa watoto, nayo majimbo mengi yakaifuata. Baadaye ikafuatwa na nyingine iliyo pana zaidi. Maana yake ni hii: mtu akimpa mtoto fedha au hati kwa njia hiyo, hawezi kuirudisha tena. Msimamizi huitunza na kuweka hesabu, huitumia kwa faida ya mtoto tu, na mtoto akifika umri uliowekwa, miaka 18 au 21 mara nyingi, kufuatana na jimbo, hupewa yote. Sisi hatuna haja ya kufuata sheria ya Marekani. Lakini neno lililo ndani yake twalijua hata bila sheria: aliyetoa ametoa. Kama mzazi hana hakika, aache mali kwa jina lake mwenyewe, wala si aibu. Aibu ni kumfundisha mtoto kwamba neno «yako» husema kweli mpaka siku ya shida tu.

Siku ya miaka 18

Wengi huogopa siku hiyo. «Tukimpa ataharibu. Atanunua pikipiki, atakunywa, atauza.» Twakubali kwamba wako vijana wanaoharibu. Lakini tuulize: Nani alimfundisha? Kijana aliyefichwa mali yake miaka kumi na miwili, kisha akatupiwa yote kwa siku moja, atajua wapi kuitunza? Akifika miaka kumi na miwili, aonyeshwe shamba lake na mipaka yake. Akifika kumi na mitano, akae karibu wakati kodi inapohesabiwa, aandike mwenyewe kwa mkono wake. Hapo siku ya kupewa haitakuwa siku ya kushangaa.

Tena hofu ya kwamba ataharibu haimpi mwingine haki ya kuharibu kwanza.

Tufanye nini?

Kwanza, mtoto aandikishwe akizaliwa. Sheria yataka afanyiwe hivyo ndani ya siku 90. Mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa atathibitishaje kwamba marehemu ni baba yake? Na ndoa vile vile iandikwe kwa Leta, isiishie kanisani na kwenye mahari tu.

Pili, mzazi aseme angali hai. Aandike ana nini, kiko wapi, na nani ana deni lake. Kuandika wosia hakuiti kifo.

Tatu, orodha ya mali ifanywe siku zile zile ukoo unapoketi, kabla watu hawajatawanyika. Mjane awepo, watu wa pande zote mbili wawepo, na majirani wawili wa shirika waweke sahihi. Karatasi za kiwanja ziandikwe kwa majina ya watoto mapema, maana ile miaka miwili haingoji mtu.

Nne, msimamizi awe na daftari. Kodi iliyoingia, minervali iliyotoka, miti iliyouzwa, tarehe na kiasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengine huona daftari kuwa tusi: «Je, hamniamini?» Sivyo. Daftari ni ngao ya msimamizi mwema kuliko mtu mwingine ye yote. Miaka kumi ikipita, watu husahau wema wake, na maneno ya uchungu husemwa nyuma ya nyumba. Siku hiyo atakuwa na nini cha kuonyesha, kama hakuandika?

Tano, panapokuwa na ugomvi, watu waende mapema kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia, au kwa mwanasheria, au kwa mahakama yenyewe, kabla kiwanja hakijapita mikono mitatu.

Ndugu zetu, katika nyumba nyingi za Butembo na Beni kuna leo mtu anayeshika mali ya mtoto. Pengine wewe usomaye ndiwe. Twakuomba jambo moja tu, nalo halihitaji fedha wala wakili. Jioni hii chukua karatasi, andika juu yake jina la mtoto, na chini yake andika kila kitu kilicho chake mkononi mwako. Kama kuna kitu unachoona vigumu kukiandika, anza na hicho.